Jinsi ya Kupata Tathmini ya Usonji, Ripoti na Tiba Nchini Kenya: Mwongozo kwa Mzazi na kwa Mtu Mzima

Familia nyingi hurudi nyumbani mikono mitupu baada ya kumpeleka mtoto hospitalini kwa shaka ya usonji (autism), yaani hali ya ukuaji inayogusa mawasiliano, mahusiano na mienendo. Hupanga foleni tangu alfajiri, humwona daktari kwa dakika chache, huambiwa kwamba mtoto atasema wakati wake ukifika, na mwaka mzima hupita kabla hawajajaribu tena. Watu wazima nao hutoka na dawa za usingizi au za sonona bila kuulizwa hata mara moja walivyokuwa wakicheza utotoni.

Nimepitia hayo nikiwa mzazi, na tangu wakati huo nimeandamana na jamaa na majirani kadhaa wa Mombasa na Kilifi kwenda kutafuta tathmini. Ziara yetu ya kwanza haikufua dafu. Mwanangu alifika kwa daktari akiwa amelala begani mwangu, akachunguzwa hivyo hivyo, nami nilipoulizwa shida ni nini nikajibu tu kwamba hasemi vizuri. Jibu hilo halikumpa daktari kitu cha kushika. Usonji hautambuliwi kwa damu, kwa mkojo wala kwa picha ya ubongo. Hutambuliwa kwa kumtazama mtu na kuisikiliza historia yake, kwa hiyo anayekwenda bila historia iliyopangwa amekwenda bila kipimo.

Ofisi na hospitali zinazotajwa hapa ni za Kenya. Hatua zinazohusu daftari, masikio na mazoezi ya nyumbani zinaweza kufuatwa popote.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Daftari la kurasa angalau 40, litakalotumika kwa kazi hii peke yake.
- Kitabu cha kliniki cha mama na mtoto, kwa sababu kina uzito wa kuzaliwa, chanjo na hatua za ukuaji.
- Cheti cha kuzaliwa cha mtoto, nakala za kitambulisho cha mzazi au mlezi, na picha za pasipoti.
- Simu yenye nafasi ya kuhifadhi video fupi.
- Ripoti za shule au za chekechea. Mtu mzima atafute ripoti zake za shule ya msingi, hata kama zimechakaa.
- Faili moja ngumu ya kuwekea nakala za kila kitu. Usiache karatasi halisi katika ofisi yoyote.
- Mtu wa pili anayemjua mhusika vizuri: nyanya, shangazi, mwalimu, au yeyote anayeshinda naye.

Usiposhika cheti cha kuzaliwa bado, anza kukitafuta leo, lakini usisimamishe hatua nyingine kwa ajili yake. Cheti huhitajika kwenye usajili wa kadi ya ulemavu, na hilo huja baadaye, katika Hatua ya 7.

## Hatua ya 1: Andika unayoyaona kwa wiki mbili

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, na ndiyo inayoamua matokeo ya zile zinazofuata. Daktari atamwona mtoto kwa nusu saa, katika chumba kigeni chenye harufu ya dawa, ilhali wewe unamwona akila, akioga, akicheza na akigombana na wenzake. Kazi yako ni kuuhamisha ujuzi huo kwenye karatasi.

Usiandike maneno ya jumla kama "mtundu" au "hatulii". Andika tukio, saa na mahali. Kwa mfano: "Jumanne, saa mbili asubuhi. Nilimwita jina mara tano akiwa hatua tatu kutoka kwangu, hakugeuka. Nilipofungua karatasi ya biskuti jikoni, aligeuka mara moja." Sentensi hizo mbili za mwisho zinamweleza daktari kwamba huenda masikio yanasikia, na kwamba tatizo liko katika kuitikia watu.

Gawa kila ukurasa pande mbili, kwa kuwa vigezo vya kitabu cha uchunguzi kinachotumiwa na wataalamu wengi, DSM-5, vimegawanyika hivyo hivyo.

Upande wa kwanza ni mawasiliano na mahusiano. Andika anavyoitikia jina, anavyotumia ishara na uso, anavyocheza na wenzake, na anavyoomba kitu. Angalia hasa kidole chake. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu kwa kawaida hunyoosha kidole kukuonyesha ndege au pikipiki ili mfurahie pamoja. Mtoto anayekushika kifundo cha mkono na kukuvuta hadi kwenye mtungi wa maji, bila kukutazama usoni, anaomba kwa namna tofauti, na tofauti hiyo ina uzito mkubwa katika tathmini.

Upande wa pili ni mienendo ya kujirudia na hisia za mwili. Hapa huingia kupepea mikono, kuzunguka, kupanga vifuniko mstari, kurudia maneno ya tangazo la redio, kukasirika njia ya kwenda dukani ikibadilishwa, kushikilia jambo moja tu, kuziba masikio adhana au honi ya matatu inapolia, kukataa chakula chochote chenye mchuzi, au kutohisi maumivu anapoanguka. Ili usonji uthibitishwe kwa DSM-5, ni lazima ugumu uonekane katika maeneo yote matatu ya upande wa kwanza (kupeana na kupokezana, ishara za mwili, kujenga mahusiano) na angalau katika maeneo mawili kati ya manne ya upande wa pili, uwe umeanza utotoni, na uwe unatatiza maisha ya kila siku.

Kuna jambo moja la kwetu ambalo vitabu vya kigeni havilielezi. Watoto wetu wengi hufundishwa kutomkazia macho mtu mzima, kwa heshima. Kwa hiyo usiandike tu kwamba mtoto hamtazami daktari au mwalimu. Andika kama anakutazama wewe mnapocheka pamoja, na kama anawatazama watoto wa rika lake.

Piga pia video nne au tano za dakika moja moja: akiitwa jina, akila, akicheza peke yake, akiwa na watoto wengine, na ikiwezekana akiwa amekasirika. Video hizo ni za mtaalamu peke yake. Usizitume kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo wala ya mtaa, kwani mtoto huyo atakua na ana haki ya kuhifadhiwa aibu yake.

Kurasa za mwisho za daftari ziwe za historia: mimba ilikuwaje, alilia mara alipozaliwa au alichelewa, alipata manjano, amewahi kupata degedege au malaria kali iliyopanda kichwani, alikaa na kutembea lini, neno la kwanza lilikuwa lipi. Ikiwa alikuwa na maneno kisha yakapotea, andika mwezi na lililotangulia. Kupotea kwa maneno ni jambo la kumweleza daktari kwa haraka, kwa kuwa linaweza kuhitaji uchunguzi wa kifafa.

*Umefaulu hapa* ukiwa na mifano 15 au zaidi yenye tarehe, na mtu asiyemjua mtoto akiisoma anaweza kumwona kana kwamba yuko mbele yake.

## Hatua ya 2: Jaza hojaji ya awali

Kwa mtoto wa miezi 16 hadi 30, tumia hojaji iitwayo M-CHAT-R. Ina maswali 20 ya ndiyo au hapana na hupatikana bila malipo mtandaoni. Alama 0 hadi 2 huonyesha uwezekano mdogo, 3 hadi 7 huhitaji maswali ya ufuatiliaji, na 8 kwenda juu humaanisha mtoto apelekwe moja kwa moja kwa tathmini kamili. Jibu kulingana na anavyofanya kwa kawaida; jambo alilofanya mara moja tu lisihesabiwe.

Hojaji hii haithibitishi usonji na haiukanushi. Faida yake ni kwamba inampa muuguzi au tabibu wa zahanati sababu iliyoandikwa ya kukupa rufaa, na ndiyo maana unaichapisha na kuitia kwenye faili.

Mtoto aliyepita umri huo asilazimishwe hojaji isiyomfaa. Mwombe mwalimu wake aandike ukurasa mmoja kuhusu anavyokaa darasani na uwanjani.

## Hatua ya 3: Pima masikio kabla ya jambo jingine

Mtoto asiyesikia vizuri pia haitiki jina na pia huchelewa kusema. Wataalamu wengi hawatakamilisha tathmini bila matokeo ya usikivu, na familia nyingi zimeambiwa warudi siku nyingine kwa sababu ya karatasi hii moja. Omba rufaa ya kupimwa masikio katika hospitali ya kaunti. Mtoto mdogo asiyeweza kufuata maagizo hupimwa kwa mashine inayosoma majibu ya sikio au ya mishipa bila yeye kusema lolote, wakati mwingine akiwa amelala, kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba ni mdogo mno kupimwa.

Naomba nionye hapa kwa uzito. Usimkate mtoto kimeo, wala uzi wa chini ya ulimi, kwa matumaini ya kumfanya aseme. Kukata kimeo nyumbani kumesababisha kutokwa na damu nyingi na maambukizi, na mtoto mwenye usonji hachelewi kusema kwa sababu ya nyama ya kooni.

## Hatua ya 4: Pata rufaa na uchague mahali

Anzia kliniki ya karibu, ukiwa na daftari, hojaji na matokeo ya masikio. Omba barua ya rufaa inayotaja kwa maandishi kwamba unatafuta tathmini ya ukuaji kwa shaka ya usonji. Barua inayosema "kuchelewa kusema" peke yake inaweza kukufikisha kwenye dirisha lisilo lako.

Wanaoweza kuthibitisha usonji ni daktari bingwa wa watoto aliyesomea ukuaji au mishipa ya fahamu, daktari bingwa wa magonjwa ya akili, au mwanasaikolojia wa kitabibu aliyefunzwa kazi hiyo. Nairobi wapo katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Mathari, Gertrude's na Aga Khan. Eldoret kuna Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi. Sisi wa Pwani huanzia Hospitali ya Rufaa ya Pwani, ambayo wenyeji huiita Makadara.

Kabla ya kulipa nauli au ada, piga simu na uulize maswali haya: Nani hasa atakayemfanyia tathmini, na ni mtaalamu wa fani gani? Itachukua vikao vingapi? Je, bei inajumuisha ripoti iliyoandikwa, au ripoti hulipiwa kando? Tathmini itafanywa kwa lugha gani? Bima yangu ya SHA (bima ya afya ya serikali) au ya kazini inalipa sehemu ipi? Andika majibu pamoja na jina la aliyekujibu.

Jihadhari na mahali unapoambiwa ulipie kwanza picha ya ubongo. Picha ya ubongo au kipimo cha mawimbi ya ubongo kina maana iwapo daktari ameona dalili mahususi, kama vile degedege, kichwa kisichokua vizuri au kupotea kwa ujuzi. Nimeona jamaa wakiuza mbuzi kulipia picha ambayo haikuwa na swali lolote la kujibu.

*Umefaulu* ukiwa na tarehe, jina la mtaalamu na bei kamili. Foleni ikiwa ya miezi, omba uwekwe kwenye orodha ya wanaoitwa nafasi ikipatikana, na uanze mazoezi ya Hatua ya 8 sasa hivi. Hakuna zoezi lolote kati ya hayo linalohitaji ripoti.

## Hatua ya 5: Siku ya tathmini

Mlishe mtoto kabla ya kuingia, na mpangie safari ili saa yake ya usingizi isiangukie kwenye miadi. Beba kitu anachokipenda, hata kama ni kipande cha leso au kifuniko cha chupa.

Mweleze mtaalamu lugha za nyumbani mapema. Mtoto anayesikia Kigiriama kwa nyanya, Kiswahili kwa mama na Kiingereza kwenye katuni anaweza kuonekana bubu akiulizwa kwa Kiingereza tupu. Omba maswali yaulizwe kwa lugha anayoitumia zaidi, na ujitolee kutafsiri neno kwa neno bila kuongeza usaidizi. Ukishauriwa kuiacha lugha ya mama ili mtoto aseme upesi, usikubali: utafiti haujaonyesha kwamba lugha mbili zinamdhuru mtoto mwenye usonji, na kumkatia lugha ya nyanya ni kumkatia nyanya mwenyewe.

Mtaalamu anaweza kutumia vipimo vya michezo na mahojiano, kama ADOS-2 au CARS-2. Kwa mgeni huonekana kama mchezo wa mapovu na vidoli, lakini kila tendo lina alama yake. Kosa kubwa la wazazi, linalotokana na mapenzi, ni kumsaidia mtoto afanye vizuri: kumgeuza kichwa anapoitwa, kumnong'oneza jibu, kumwambia asalimie. Mwache. Ukimsaidia, alama zitakuwa zako.

Toa daftari mapema, ukianza na mifano mitano iliyo wazi zaidi. Kisha onyesha video.

## Hatua ya 6: Isome ripoti kabla ya kuondoka nayo

Karatasi ya mstari mmoja iliyoandikwa "ana dalili za usonji" haitakusaidia shuleni wala popote. Ripoti inayofaa hutaja jina la mtoto kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, vipimo vilivyotumika, vigezo vilivyotimizwa, kiwango cha msaada (DSM-5 ina viwango vitatu, 1 hadi 3, cha tatu kikiwa cha msaada mkubwa zaidi), kama kuna ulemavu wa akili au wa lugha pamoja nao, na mapendekezo ya tiba. Iwe na sahihi, muhuri na namba ya usajili ya mtaalamu.

Kiwango kilichoandikwa kinaeleza msaada anaohitaji leo. Hakitabiri atakavyokuwa akiwa na miaka 15.

Ukiambiwa si usonji, usiondoke hapo. Uliza ni nini basi. Kuchelewa kwa lugha peke yake, ulemavu wa akili, tatizo la kukosa utulivu na umakini, na upungufu wa kusikia vyote vina msaada wake. Usiporidhika, tafuta mtaalamu wa pili na umpe faili ile ile nzima, pamoja na ripoti ya kwanza.

## Hatua ya 7: Tofautisha karatasi tatu

Wazazi wengi huzunguka ofisi kwa miezi kwa kudhani kwamba karatasi moja inafanya kazi zote.

Ripoti ya uchunguzi ndiyo uliyopata katika Hatua ya 6. Inafungua tiba.

Ripoti ya elimu hutolewa na vituo vya serikali vya tathmini ya elimu, ambavyo walimu huviita EARC, vilivyoko katika kaunti ndogo. Kituo hupendekeza shule: darasa la kawaida lenye usaidizi, kitengo maalumu ndani ya shule ya kawaida, kama kile cha City Primary jijini Nairobi, au shule maalumu. Kwa jambo lililo gumu zaidi, ipo Taasisi ya Elimu Maalumu ya KISE, Kasarani. Usimwandikishe mtoto kwanza ndipo utafute ripoti hii, kwa sababu mwalimu mkuu huitumia kupanga mapema.

Kadi ya ulemavu hutolewa na Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, NCPWD. Huanza kwa tathmini ya kitabibu katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa, kisha maombi ya usajili hupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Usajili wenyewe ni bure, kwa hiyo usimlipe dalali yeyote anayekungoja langoni. Waulize hospitalini siku gani kamati ya tathmini hukutana, kwani katika hospitali nyingi haiketi kila siku.

## Hatua ya 8: Anza tiba, na uiendeshe nyumbani

Hakuna dawa wala upasuaji unaoondoa usonji. Tiba humjengea mtu mawasiliano, kujitegemea na utulivu. Wataalamu wa tiba ya usemi ni wachache nchini na wengi wako Nairobi. Wataalamu wa tiba kazi, yaani wale wanaofundisha shughuli za kila siku kama kula, kuvaa na kuvumilia sauti, hupatikana katika hospitali nyingi za kaunti na kwa gharama nafuu kuliko za binafsi. Anzia kwao ukikosa wa usemi.

Mwombe mtaalamu malengo matatu tu kwa miezi mitatu, yaliyoandikwa kwa namna inayohesabika. "Aboreshe mawasiliano" si lengo. "Aombe maji kwa kuonyesha picha, neno au ishara, mara 4 kati ya 5, bila kulia" ni lengo.

Kisha fanya zoezi hili nyumbani, dakika kumi mara tatu kwa siku:

1. Weka anachokipenda mahali anapokiona asipokifikia, kwa mfano ndani ya mkebe wa plastiki wenye kifuniko kigumu. Hitaji la kweli ndilo linalozaa mawasiliano.
2. Kaa mbele yake, usawa wa macho yake, kisha ungoje kimya ukihesabu hadi kumi. Kungoja ndiko kugumu. Sisi wazazi tumezoea kutoa kabla ya kuombwa.
3. Pokea jaribio lolote: kutazama, kugusa mkebe, sauti, picha, neno.
4. Mpe papo hapo huku ukitaja kwa neno moja au mawili: "Ndizi. Fungua."
5. Akianza kulia kwa uchungu, umengoja kupita kiasi. Punguza muda mara inayofuata.

Kadi za picha hazimzuii mtoto kusema. Piga picha kikombe chake halisi, choo chenu halisi na kanga yako, zichapishe kwenye duka la picha na uzibandike kwenye vipande vya katoni. Picha ya kikombe cha kigeni kutoka mtandaoni haimwambii kitu mtoto anayekunywa kwenye bilauri ya bati.

Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9, yenye vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani, na masomo yake yapo mtandaoni bila malipo. Uliza hospitali yako au Autism Society of Kenya kama kuna kikundi karibu nawe.

Usalama uwe sehemu ya tiba. Watoto wengi wenye usonji huondoka nyumbani bila kuaga na huvutwa na maji. Hapa Pwani tuna bahari, visima na mashimo ya machimbo yaliyojaa mvua. Weka komeo juu ya mlango, funika kisima, wajulishe majirani na wavuvi wa ufukoni, na mfundishe kuogelea mapema iwezekanavyo. Akipotea, tafuta majini kwanza.

Yaache haya. Acha kituo kinachomfungia mzazi nje, kinachomchapa mtoto au kumlaza kwa nguvu, au ambako analia saa nzima kila kikao. Kataa maji ya klorini yanayouzwa kama tiba, dawa za kutoa madini mwilini na sindano za seli shina; ni hatari na hazitibu usonji. Chanjo hazisababishi usonji, kwa hiyo wakamilishie wadogo zake. Dua na maombi ni faraja ya familia na hakuna anayewakataza, lakini kumfunga kamba, kumfukiza moshi au kumnyima chakula ili pepo atoke ni kumtesa, na haifai kuvumiliwa hata anayeshauri akiwa mzee wa ukoo.

Dawa kama risperidone au aripiprazole huandikwa na daktari kwa hasira kali au kujiumiza, huku uzito ukifuatiliwa. Hazileti usemi. Kifafa, ambacho huwapata watu wenye usonji zaidi kuliko wengine, kina dawa zake na zisikatizwe ghafla.

Kila baada ya miezi sita, rudia wiki moja ya daftari kwa mtindo ule ule wa Hatua ya 1 na ulinganishe. Lengo lisilosogea kwa miezi mitatu libadilishwe. Kosa huwa kwenye lengo au njia mara nyingi zaidi kuliko kwa mtoto.

## Ikiwa anayetafuta tathmini ni mtu mzima

Watu wazima wengi hufika wakiwa wamechoka kwa miaka ya kuigiza ukawaida, na baadhi wameshapewa jina la sonona, wasiwasi au ugonjwa mwingine wa akili. Majina hayo yanaweza kuwa sahihi pia. Usonji na sonona hukaa pamoja mara nyingi. Wanawake hasa hukosewa, kwa kuwa tangu utotoni wamejifunza kuwaiga wenzao.

Anza na hojaji ya maswali 10 iitwayo AQ-10; alama 6 au zaidi ni sababu ya kuomba tathmini. Kisha andika kurasa tatu kuhusu maisha yako: utoto kabla ya miaka 12, shule na urafiki, kazi na nyumba. Mtaalamu lazima apate ushahidi wa utotoni, kwa hiyo muulize mama, shangazi au kaka mkubwa maswali mahususi: Nilicheza na nani? Nilikasirishwa na nini? Nilikula nini tu? Ukihofia maneno ya ukoo, si lazima utaje usonji. Waambie unaandika kumbukumbu za utoto wako. Kama hakuna mkubwa aliyebaki, ripoti za shule zenye maoni ya walimu hujaza pengo.

Tafuta daktari wa akili au mwanasaikolojia wa kitabibu, na umuulize kwenye simu kama amewahi kuwatathmini watu wazima. Wengi hufanya kazi na watoto peke yao. Wakati wa kikao usijikaze kumtazama machoni wala kutabasamu kwa adabu ikiwa hilo linakuchosha, kwa maana ukificha, uchovu huo hautaonekana. Na kama una mawazo ya kujidhuru, mwambie mtu leo na uende kwenye chumba cha dharura. Hilo halingoji tathmini.

Tiba kwa mtu mzima huwa ni ushauri wa mtaalamu anayeujua usonji, kutibu sonona au kukosa usingizi kulikoambatana nao, na kurekebisha mazingira. Aliyesajiliwa na NCPWD na ana mshahara anaweza kuomba KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, msamaha wa kodi kwenye shilingi 150,000 za kwanza za mapato ya mwezi. Maombi hayo ni ya kando na hayaji yenyewe na kadi.

Kazini si lazima umwonyeshe mwajiri ripoti nzima. Barua fupi ya mtaalamu inatosha, ikitaja mabadiliko mawili au matatu tu: maagizo yatolewe kwa maandishi, kiti kisogezwe mbali na mlango, ratiba isibadilishwe bila taarifa ya siku moja. Iombe barua hiyo siku ile ile unapochukua ripoti, na ndani yake kuwe na tarehe ya kukutana na msimamizi wako baada ya miezi mitatu ili mwangalie pamoja kama mabadiliko hayo yanatosha.